UZI: RB siyo kesi! Kesi ya jinai inavyofunguliwa mpaka samansi (karatasi ya wito wa mahakama) ikufikie, nilivyojifunza kwa kufukuzia hela yangu ya mashine

#1 kinu_cha_mawe (mleta uzi)

Wakuu habari za saa hizi. Mimi ni msomaji wa kimya kimya humu miaka mingi, leo imebidi niandike. Wiki iliyopita jirani yangu kaibiwa pikipiki, kaja kwangu na kikaratasi cha RB kakikunja vizuri kama cheti cha ndoa, ananiambia "kesi nimeshafungua nasubiri tu waniite". Nikajiona mimi mwenyewe kabisa wa mwaka juzi. Nikamwambia kaa hapo agiza chai, hii stori ni ndefu.

Kisa changu kwa kifupi. Nililipa milioni 3 na laki 6 kwa fundi mmoja wa kuchomelea anayeunda mashine za kusaga. Mashine alinionyesha nikaiona kwa macho yangu, inang'aa, mota mpya, kumbe ni ya mteja mwingine ililetwa kubadilishwa vinu. Hela nikatuma kwa simu mara tatu, meseji ninazo. Baada ya awamu ya tatu simu ikazimwa na karakana ikafungwa. Nikaenda kituo cha polisi (sikitaji), wakaniandika kwenye kitabu chao wakanipa namba, hiyo ndo RB. Nikaiweka kwenye waleti. Miezi saba!! Mtu akiniuliza namwambia kesi ipo mahakamani, na mimi mwenyewe naamini hivyo.

Sasa wakuu shikeni hili kwanza. RB ni kumbukumbu tu kwamba fulani siku fulani alikuja kutoa taarifa ya kosa. Basi. Hakimu hajui kama upo duniani. Hapo mahakamani hakuna jalada lenye jina lako wala la mwizi wako, na litakuwepo siku hati ya mashtaka itakapopelekwa ikapokelewa ikapewa namba ya kesi. Kabla ya hapo yule ni mtuhumiwa, baada ya hapo ndo anaitwa mshtakiwa, na watu tunachanganya haya maneno kila siku.

Nilichokosea ni kwamba niliacha taarifa nikaondoka. Ukishatoa taarifa unatakiwa uandikwe maelezo, yaani ukae na askari usimulie mwanzo mwisho, aandike, usomewe, usaini. Mimi siku ile mpelelezi alikuwa hayupo wakaniambia nirudi kesho, kesho ikawa mnada, keshokutwa nikasafiri, ndo ikawa imeisha. Jalada bila maelezo ya mlalamikaji ni kava tupu. Kwahiyo nikilaumu polisi nijilaumu na mimi kidogo.

Mwezi wa nane fundi akaonekana harusini, tena kavaa suti (inawezekana ni hela yangu ile). Nikapiga simu kituoni, wakaja, akabebwa. Nikalala usingizi mzito. Kesho yake asubuhi namkuta stendi anakula mihogo! Wakuu nilitetemeka. Nikajua kahonga, nikataka kwenda kuvunja vitu pale kituoni, ashukuriwe mjomba wangu aliyewahi kuwa karani wa mahakama, akanishika mkono akanielewesha.

Kwamba ukimkamata mtu bila hati ya kukamata hutakiwi kumlaza lokapu unavyotaka, afikishwe mahakamani ndani ya saa 24, na ikishindikana basi kwa makosa ya kawaida apewe dhamana ya polisi. Na hapohapo kuna kitu kimeingizwa kwenye Sheria ya Mwenendo wa Makosa ya Jinai, Sura ya 20, kwa marekebisho ya 2022, kifungu cha 131A, kwamba mashtaka yasipelekwe mahakamani mpaka upelelezi ukamilike, ukitoa makosa makubwa na yale yanayosikilizwa na Mahakama Kuu. Zamani mtu alikuwa anapelekwa leo, halafu miezi na miezi ni ule wimbo wa "upelelezi haujakamilika mheshimiwa tunaomba tarehe nyingine". Sasa fundi wangu kosa lake ni la kawaida, upelelezi wake ulikuwa sifuri kwasababu mimi mwenyewe nilikimbilia mnadani, kwahiyo lazima atoke kwa dhamana wao wakusanye ushahidi. Hakuna aliyehongwa. Au kama alihongwa basi alihongwa kwa kitu ambacho sheria ingempa bure.

Hapo ndo nikaandikwa maelezo rasmi, nikatoa skrinishoti za miamala nikijua nimemaliza. Jalada likaenda kwa waendesha mashtaka, hawa siyo polisi, ni ofisi ya Mkurugenzi wa Mashtaka, DPP, ndo wenye kauli ya mwisho kama kuna kesi au hakuna. Wiki mbili likarudi. Wakili wa serikali kaandika skrinishoti hazitoshi, anataka uthibitisho wa miamala kutoka kampuni ya simu, na maelezo ya mwenye mashine ile halisi. Nikalalamika ila nikiangalia sasa alinisaidia sana, maana wakili wa upande wa pili angezipangua zile skrinishoti kama karata.

Likaenda tena. Likakubalika. Hati ya mashtaka ikaandikwa na fundi akatakiwa kufika mahakama ya wilaya.

Sasa nataka nikae kwenye hii hati maana nilikuwa nadhani ni karatasi ya urasmi tu. Juu kabisa imeandikwa JAMHURI dhidi ya fulani. Jina langu halipo pale juu. Nilikuwa nimemzoea yule mtu kama "mdaiwa wangu", kumbe nimeshakuwa shahidi namba moja tu. Chini yake kuna sehemu mbili. Ya kwanza inataja kosa na kifungu, ya pili maelezo ya kosa, kwamba wewe fulani, tarehe fulani, sehemu fulani, ulifanya hivi kwa fulani. Sentensi chache, nusu ukurasa. Ila kesi nzima inaning'inia hapo, kwasababu mshtakiwa anajitetea dhidi ya kilichoandikwa pale, siyo dhidi ya stori niliyonayo mimi kichwani.

Na ya kwangu ilikuwa na makosa mawili. La kwanza kiasi, waliandika 360,000, sifuri moja imeanguka njiani. La pili ndo kubwa, waliandika WIZI. Nikajiuliza si kaniibia kweli? Mjomba akasema hapana, wizi anachukua bila ridhaa yako, wewe hela ulimpa kwa mkono wako mwenyewe ukicheka, kwasababu alikudanganya mashine ni yake. Hiyo ni kujipatia fedha kwa njia ya udanganyifu, kifungu cha 302 cha Kanuni ya Adhabu. Nikaenda kwa wakili wa serikali kwa adabu zote nikamwonyesha. Siku ya kesi akasimama akaomba kubadili hati, hakimu akakubali, fundi akasomewa upya, akakana. Ikapangwa tarehe.

Nitaendelea na habari ya samansi hapo chini, bando linaisha.

#2 boda_mstaafu

Naweka kambi hapa. Mkuu hiyo ya RB umenigusa, mimi ninazo tatu kwenye droo.

#3 mama_lishe_msomi

Nina swali kwa mleta uzi au mwenye kujua. Kwahiyo mtu huwezi kwenda mwenyewe moja kwa moja kwa hakimu bila kupita polisi? Maana kwetu kijijini mahakama ya mwanzo iko karibu kuliko kituo, kituo ni nauli elfu sita kwenda na kurudi.

#4 wakili_wa_kijiweni

Mleta uzi kaeleza vizuri kuliko wanafunzi wangu wa fildi. Ngoja niongezee nyama, na nimjibu mama lishe.

Sheria ile ya Sura ya 20 inasema kesi inaanza kwa njia mbili, ama mtu anapeleka malalamiko kwa hakimu, ama mtu aliyekamatwa bila hati anafikishwa mbele ya hakimu na polisi wanasaini na kuleta hati ya mashtaka. Ndiyo, malalamiko kwa hakimu! Hata kwa mdomo. Ukienda na mdomo tu hakimu anatakiwa ayaandike, wewe usaini na yeye asaini. Kisha akiona ndani yake kuna kosa la jinai anaandaa au anaagiza iandaliwe hati ya mashtaka, anatoa samansi au hati ya kukamata. Akiona hakuna kosa anakataa na anaandika sababu. Kwa hiyo hakimu siyo mhuri, ana haki ya kuikataa hata ile hati iliyoletwa na serikali kama haionyeshi kosa lolote.

Mahakama ya mwanzo wana utaratibu wao, hawatumii Sura ya 20, wanatumia kanuni zilizo kwenye Jedwali la Tatu la Sheria ya Mahakama za Mahakimu, Sura ya 11. Pale mwananchi kufungua lalamiko lake mwenyewe ni jambo la kawaida kabisa kisheria. Kiuhalisia mama, utaambiwa "nenda kwanza polisi", na kwa sehemu wana hoja, kwasababu hakimu hana gari wala askari wa kwenda kumtafuta mtu na kuchukua kielelezo. Ila kama mtu wako anajulikana anapokaa, na kosa ni dogo, katukanana na wewe, kakupiga kofi, kaharibu mazao, usikubali kurudishwa hivihivi. Omba uandikiwe.

Mahakama za juu yake pia kuna mlango wa mtu binafsi kuendesha mashtaka mwenyewe kwa ruhusa ya hakimu, kifungu cha 99. DPP anaweza kuingia akaichukua kesi yako au hata kuifuta, kwahiyo usijione mfalme.

Angalizo muhimu. Namba za vifungu ninazotaja mimi na mleta uzi ni zile tulizozoea. Toleo jipya la sheria, lile la 2023, limeanza kutumika Julai 1, 2025 na namba nyingi zimesogea. Ukienda kuandika barua rasmi fungua toleo jipya kwanza, usije kunukuu kifungu cha udanganyifu kumbe siku hizi kinahusu kitu kingine.

#5 kata_mti

Wakili hapo kwenye hati kukosewa. Si ndo nafasi ya mshtakiwa kushinda? Kuna binamu yangu aliachiwa na Mahakama ya Rufani kwasababu hati ilikuwa mbovu, na kila mtu mtaani anajua alifanya.

#6 wakili_wa_kijiweni

Binamu yako simjui, tumwache. Ila inatokea, na siyo kila kosa la hati linamtoa mtu. Hapa ndo penye utamu wa hii kazi.

Chukua kesi ya Mussa Mwaikunda, iko kwenye ripoti za sheria za 2006. Alishtakiwa kujaribu kubaka. Kosa hilo kwa mujibu wa sheria lina kiungo (sehemu ya lazima ya kosa) cha vitisho, na hati haikutaja vitisho popote. Mahakama ya Rufani ikasema mshtakiwa lazima ajue tangu siku ya kwanza anashtakiwa kwa lipi hasa, kiungo kikikosekana hawezi kusemwa amejua, akaachiwa. Kwahiyo ile nusu ukurasa mleta uzi anayoisema, neno moja halikuandikwa na kesi yote ikaanguka.

Baadaye ikaja ya Jamali Ally, ya 2017 iliyoamuliwa 2019. Huku tatizo lilikuwa namba za vifungu zimekosewa, lakini maelezo ya kosa yalikuwa yamenyooka na ushahidi ulieleza vizuri. Mahakama ikasema huyu alielewa kabisa anashtakiwa nini, hakuonewa, kosa hilo linatibika. Kwa hiyo swali ni kama mshtakiwa alielewa akaweza kujitetea. Ukikosea namba unaweza kupona, ukisahau kiungo cha kosa kaburi limeshachimbwa.

Na ndo maana kifungu cha 234 kipo, hati irekebishwe mapema kabla mambo hayajaharibika, mshtakiwa asomewe upya, na akitaka mashahidi waliokwisha kutoa ushahidi waitwe tena kuulizwa, waitwe. Ya mleta uzi ilirekebishwa kabla shahidi hata mmoja hajasimama. Ana bahati. Nimeona hati ikibadilishwa shahidi wa sita akiwa ameshamaliza, mnaanza kupigiana simu shahidi wa kwanza yuko Tunduma, wa pili kafariki.

#7 mvuvi_wa_kilifi

Salamu kutoka huku Kenya. Nyinyi mwaita RB sisi twaiita OB, na makosa ni yaleyale, mtu apewa namba ya OB aenda nayo nyumbani kama ameshinda kesi. Huku katiba ya 2010 ibara ya 49 yasema ufikishwe kortini ndani ya saa 24, na ni haki yako kupewa bondi au dhamana hata kwa shtaka la mauaji, isipokuwa kuwe na sababu nzito ya kukunyima. Nasikia kwenu mauaji hakuna dhamana kabisa ni kweli?

Jambo jengine DPP wetu akitaka kuondoa kesi lazima aombe ruhusa ya korti, ibara ya 157 hiyo. Hawezi kuamka asubuhi akasema sitaki tena.

#8 wakili_wa_kijiweni

Karibu jirani. Ndiyo ni kweli, mauaji, uhaini, unyang'anyi wa kutumia silaha, utakatishaji fedha na mengine kadhaa hayana dhamana, na 2020 Mahakama ya Rufani kwenye shauri la Dickson Sanga ilisema kifungu kinachonyima dhamana hiyo kiko sawa na katiba. Ila kuna kingine kilichokuwa kinampa DPP nguvu ya kuzuia dhamana kwa cheti tu, kile kilipigwa chini kwenye shauri la Mtobesya, 2018.

Kuhusu kuondoa kesi huku DPP anaijulisha tu mahakama kwamba Jamhuri haina nia ya kuendelea, tunaita nole. Na mwendesha mashtaka naye anaweza kuiondoa kwa kifungu cha 98, ikiwa kabla ya utetezi basi mtu anaachiwa lakini anaweza kushtakiwa tena. Zile video za mtu anaachiwa, anakumbatiana na mkewe, anatoka mlangoni anapakiwa tena kwenye gari, ni hapo. Marekebisho ya 2022 yamejaribu kubana kwa upande wa nole kwamba usimkamate tena mtu kwa jambo lilelile kama huna ushahidi wa kutosha na hujawa tayari kusikiliza kesi. Kwenye karatasi ni kizuri sana kifungu hicho.

#9 karafuu_kavu

Msisahau Zanzibar tuna yetu, Sheria ya Mwenendo wa Jinai namba 7 ya 2018, na DPP wetu mbali. Mtu wa Mkokotoni asije akafuata Sura ya 20 ya huko bara akapotea njia.

#10 mama_lishe_msomi

Asante wakili kwa jibu. Swali la pili nisamehe. Kwenye taarifa ya habari nasikiaga mtu kafikishwa mahakama ya Kisutu kwa mauaji halafu "hakutakiwa kujibu chochote". Kwanini asijibu? Si aseme tu ndiyo au hapana tujue.

#11 kinu_cha_mawe (mleta uzi)

Hii nitajibu mimi maana nilimuuliza mjomba hivyohivyo. Mauaji hayasikilizwi na mahakama ya hakimu kwa mamlaka yake ya kawaida, ni ya Mahakama Kuu. Lakini mtu huwezi kumpeleka Mahakama Kuu moja kwa moja, anaanzia chini, anasomewa tu ajue anatuhumiwa nini, na akisema "ndiyo niliua" au "hapana" hakimu hana pa kuliandika hilo jibu kwasababu hana mamlaka. Upelelezi ukiisha mashtaka rasmi yanafunguliwa Mahakama Kuu, wanarudi kule chini, mshtakiwa anasomewa maelezo ya mashahidi watakaokuja na vielelezo, halafu ndo anahamishiwa juu. Mahabusu wanaita kusomewa PI. Ukikutana na mtu ametoka gerezani akakwambia "nimesubiri PI miaka" ujue alikuwa hapo katikati, hajahukumiwa wala kesi haijaanza kusikilizwa.

Haya bando limerudi, nije kwenye SAMANSI.

Zipo za aina mbili mnazozichanganya. Ya mshtakiwa na ya shahidi. Ya mshtakiwa ni pale hajakamatwa, au yuko nje kwa dhamana ya polisi na anatakiwa aje kujibu. Inaandikwa nakala mbili, inasainiwa na hakimu au ofisa wa mahakama, inataja kosa, mahali, siku na saa. Inapelekwa na polisi au ofisa wa mahakama au mtumishi mwingine wa umma, siyo mlalamikaji! Hii naisema kwa sauti kwasababu mimi nilijitolea kumpelekea fundi mwenyewe, mjomba akanitazama kama kichaa. Unampelekea mtu uliyegombana naye karatasi ya mahakama, mkizipiga pale nani atakuwa shahidi wa nani?

Anayepeleka anamkabidhi mwenyewe mkononi nakala moja, na mpokeaji anasaini nyuma ya nakala ya pili, hiyo inarudi mahakamani kama ushahidi kwamba alipata. Wakimtafuta kweli kweli wakamkosa, inaachwa kwa mtu mzima wa familia yake anayeishi naye au kwa mwajiri wake. Ikishindikana hata hiyo inabandikwa sehemu inayoonekana kwenye nyumba anayoishi. Mtumishi wa serikali anaweza kupelekewa kupitia mkuu wake wa idara. Kampuni inapokea kupitia katibu au meneja wake. Kwahiyo ile janja ya kujificha chooni mke aseme "hayupo kasafiri" haisaidii, mke akipokea imekufikia, na usipotokea kinachofuata ni hati ya kukamatwa, na hapo hawatakuja na kalamu ya kusainisha.

Mimi ya kwangu ya ushahidi ililetwa kupitia mtendaji. Nilikuwa shamba, akampa mke wangu, mke wangu akaiweka chini ya televisheni, watoto wakachorea gari nyuma yake. Nilienda mahakamani na samansi yenye lori la matairi sita. Karani akacheka akanigongea.

#12 kata_mti

😂😂😂 lori la matairi sita. Sasa wakuu mimi nimepigiwa simu na mtu anasema ni karani, kuna kesi yangu ya jinai na nitume elfu 35 ya kufungulia jalada nisitumiwe askari. Nitume?

#13 wakili_wa_kijiweni

Usitume hata senti. Kesi inayofunguliwa na Jamhuri mlalamikaji halipi ada, na mshtakiwa ndo kabisa, uliona wapi mtu anachangia kushtakiwa. Karani wa kweli anaweza kukupigia kukukumbusha tarehe, wanafanya hivyo sana na ni wema wao, ila hakuombi hela kwenye simu. Muulize namba ya kesi na mahakama gani, nenda kwa miguu yako masjala ukaulize. Na namba aliyopigia uipeleke polisi, upate RB 😁

#14 boda_mstaafu

Ya nne hiyo droo itajaa.

Mleta uzi, ndugu wa fundi hawajaja kukuomba myamalize? Kwetu lazima wazee waje na mbuzi.

#15 kinu_cha_mawe (mleta uzi)

Wamekuja mkuu, bila mbuzi lakini. Walikuja wanne na milioni 1 na laki 2, wanasema pokea hii nyingine baada ya mavuno ila kesho ukaifute kesi. Nikawajibu siwezi kufuta kesi ambayo siyo yangu. Mzee mmoja akakasirika sana, "si wewe uliyemshtaki?" Nikamwonyesha picha ya ile hati, nikamwambia mzee soma hapa juu jina langu liko wapi. Akasoma JAMHURI, akakaa kimya, akauliza huyo Jamhuri tunampata wapi tuongee naye. Sikucheka wakuu, ni mzee ninayemheshimu, shikamoo yake naitoa kila siku, na kwa kweli swali lake ni la maana kuliko mengi niliyosikia pale kortini.

Wakili nisaidie hapa, hela nipokee au nisipokee?

#16 wakili_wa_kijiweni

Kupokea hela yako siyo dhambi, ila usisaini karatasi yoyote ya kwamba hutatoa ushahidi, na usipokee kwa siri. Mwambie mwendesha mashtaka, iandikwe. Sheria inaruhusu mahakama kuhimiza watu wapatane kwa makosa madogo ya mtu na mtu, kama kupigana kwa kawaida, ila la kwako adhabu yake inafika miaka 7, haliingii kwenye kundi hilo. Anayeweza kuiondoa ni upande wa mashtaka. Wakijua umelipwa yote wanaweza kufikiria, au wasifikirie. Vilevile kesi ikiisha kwa fundi kutiwa hatiani mahakama inaweza kuagiza akulipe fidia, kifungu cha 348, kwahiyo kiasi utakachokuwa umepokea lazima kijulikane usije kuonekana unalipwa mara mbili. Na mlango wa madai uko wazi, huko ndo jina lako litakaa juu kama ulivyokuwa unataka.

#17 mvuvi_wa_kilifi

"Huyo Jamhuri tunampata wapi". Nimemsomea mke wangu amecheka hadi chai ikamwagika.

#18 kinu_cha_mawe (mleta uzi)

Mrejesho. Leo ndo ilikuwa tarehe yangu ya kutoa ushahidi. Nimefika saa mbili kasoro na shati la kanisani. Fundi kaja, tumekaa benchi moja maana benchi ni moja, kaniamkia nikaitikia. Tumekaa mpaka saa tano na nusu, karani akatoka akasema mheshimiwa yuko kwenye mafunzo Lushoto, tarehe nyingine ni wiki mbili zijazo, mashahidi mmeonywa kufika bila samansi nyingine. Hiyo nayo nimejifunza leo, ukishaonywa mbele ya mahakama huletewi tena karatasi, usipotokea ni juu yako.

Jirani yangu wa pikipiki nimempeleka jana kaandikwa maelezo, kurasa tatu. RB ameniachia mimi nimtunzie, anasema yeye hana waleti.